Kutu Iliyokuja na Meli

Mwaka 1990 Japani ilipitisha sheria ya kuzuia matairi yenye misumari. Kabla ya hapo madereva wa mikoa ya kaskazini, katika miji kama Sapporo na Sendai, walikuwa wakifunga matairi yaliyopigiliwa misumari midogo ya chuma ili yashike barabara iliyoganda barafu. Misumari hiyo ilisaga lami majira yote ya baridi, na vumbi lake likawa kero kubwa kwa vifua vya watu wa mijini. Sheria ikaondoa vumbi, lakini barafu haikwenda popote. Ili magari yasiteleze, wasimamizi wa barabara waliongeza umwagaji wa chumvi: kloridi ya sodiamu, ambayo ndiyo chumvi ya mezani, pamoja na kloridi ya kalsiamu.

Zaidi ya miaka 30 baadaye, matokeo ya uamuzi huo yanaonekana chini ya gari la mtumba kutoka Japani lililoegeshwa mbele ya duka la pembejeo Keringet. Juu linang'aa. Viti bado vina harufu ya upya, namba inaanzia na KD, na mwenyewe amemaliza kulilipia juzi tu. Siku fundi anapolipiga jeki kubadilisha bushi, anakuta chini pamekuwa rangi ya udongo, na bolti iliyopaswa kufunguka kwa spana inakatika shingo.

Keringet iko Kuresoi Kusini, Kaunti ya Nakuru, kwenye nyanda za juu zinazopakana na Msitu wa Mau. Wakenya wengi wanaijua kwa maji ya chupa yenye jina lake na kwa wanariadha wake, akiwemo Faith Kipyegon aliyelelewa Ndabibit na kutwaa dhahabu ya Olimpiki ya mita 1,500 mara tatu mfululizo. Wenyeji wanaijua pia kwa viazi, majani chai, maziwa, ukungu wa asubuhi na matope. Barabara za kuingia mashambani ni za murram au za udongo mtupu, na mvua ya masika ikianza hakuna gari la chini-chini litakalofika bomani bila kusukumwa. Ndiyo maana mnunuzi wa huku hutafuta Probox, Fielder, X-Trail au Forester linalovuta kwa magurudumu yote manne.

Hapo ndipo mtego ulipo. Magari ya aina hiyo hupendwa zaidi Japani katika mikoa ya theluji, kwa sababu ile ile inayompa mkulima wa Kuresoi hamu nayo: ardhi inateleza. Mtu anayeagiza Fielder la kuvuta mbele tu anaweza kupata lililoishi Fukuoka au Osaka. Anayesisitiza magurudumu manne ana uwezekano mkubwa zaidi wa kupewa lililotembea Hokkaido, Aomori au Niigata. Kenya huruhusu gari lisilozidi miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Mwaka 2025, kwa mfano, mpaka ulikuwa magari yaliyosajiliwa kuanzia Januari 2018. Kwa hiyo gari tunaloliita jipya, kwa kuwa tu halijawahi kuwa na namba ya Kenya, huenda limeshapita majira saba ya baridi likiogeshwa maji ya chumvi kutoka chini, siku baada ya siku.

Chuma hakidai mengi ili kishike kutu. Maji na oksijeni vinatosha. Tone la maji likikaa juu ya chuma, sehemu moja hupoteza elektroni na nyingine huzipokea, umeme mdogo ukipita ndani ya tone lenyewe. Maji safi hupitisha umeme huo kwa shida; maji ya chumvi huupitisha kwa urahisi, na kloridi iliyomo huvunja utando mwembamba ambao ungekikinga chuma. Isitoshe, kutu huchukua nafasi kubwa mara kadhaa kuliko chuma kilicholiwa. Huvimba, huinua rangi iliyo jirani na kuyafungulia maji njia mpya. Alumini nayo huungana na oksijeni, lakini utando wake hushikamana na kuziba. Kutu ya chuma ina vinyweleo na humeguka, hivyo chuma kilicho chini yake huendelea kuliwa.

Kloridi ya kalsiamu ina tabia nyingine inayowahusu sana watu wa nyanda za juu: hunyonya unyevu hewani. Punje zilizojificha katika mkunjo wa bati au nyuma ya tanki la mafuta hazihitaji mvua. Ukungu wa alfajiri unazitosha. Wengi hudhani gari likishatoka kwenye theluji limepona, kumbe chumvi haibaki Japani. Husafiri nalo melini wiki kadhaa baharini, hushuka nalo katika joto la unyevunyevu la Mombasa, hupanda nalo hadi Molo, na kazi yake inaendelea.

Hata hivyo si kila kilicho rangi ya kahawia ni ugonjwa, na hofu isiyo na msingi imewaingiza watu gharama za bure. La kwanza ni murram yenyewe. Vumbi lake jekundu hushika chini ya gari, likilowa likakauka huonekana kutu hasa. Kitambaa chenye maji humaliza ubishi: udongo unatoka, kutu inabaki. La pili ni diski za breki. Gari likilala nje usiku wa mvua, asubuhi diski huwa za rangi ya chungwa, na breki za mwanzo mwanzo barabarani huzisugua zikawa nyeupe tena. Propela, nati kubwa za magurudumu, kasha la difu na viungio vya ekzosi navyo ni vyuma vinene ambavyo viwanda vingi huviacha na rangi kidogo au bila rangi kabisa. Gari lililonunuliwa jipya kiwandani, lenye kilomita chache tu, litaonyesha wekundu katika sehemu hizo ndani ya msimu mmoja wa mvua. Kutu ya namna hiyo ni ya ngozi. Ukiikwaruza kwa brashi ya waya, chuma kinang'aa, nacho kina unene ule ule.

Kutu ya kutisha ni ile inayotoka kwa magamba. Fundi mzoefu huiangalia kwa mkono kuliko kwa macho. Anasimama ndani ya shimo la gereji, tochi mkono mmoja, bisibisi mkono wa pili, akigonga kwa mpini huku akisikiliza. Chuma kizima hulia kwa sauti kali na fupi. Kilicholiwa hujibu kwa sauti nzito iliyofifia, na vipande vinamdondokea begani. Kisha anageuza bisibisi na kusukuma ncha pale penye uvimbe. Ikizama, hakuna tena mjadala wa rangi.

Mahali pa kugonga ni muhimu kuliko idadi ya mapigo. Hilux, D-Max na Prado zina chasisi ya ngazi, mihimili miwili mirefu iliyofungwa kwa mihimili ya kukata, na bodi imekaa juu yake kwa bolti. Kwa magari haya, uchunguzi uanzie nyuma: pale chasisi inapopinda juu ya ekseli, pale springi zinapofungwa, na eneo la tairi la akiba ambako matope hukwama yasikauke. Mihimili hiyo ina uwazi ndani, na maji ya chumvi yaliyoingia kupitia matundu yake hula kutoka ndani kwenda nje. Kikulacho ki nguoni mwako: kufikia siku tundu linaonekana kwa nje, bati la pembeni yake limeshakuwa jembamba kwa eneo kubwa zaidi.

Probox, Fielder, Axio na magari mengi madogo hayana chasisi ya kujitegemea; bodi ndiyo mifupa. Hapo huangaliwa vizingiti vya milango, mahali jeki inapowekwa, sakafu chini ya miguu ya dereva, fremu ndogo inayobeba injini, na pale shokabsoba za nyuma zinaposhikwa. Kizingiti kilichooza si suala la urembo. Ndicho kinachobeba nguvu za ajali ya ubavuni, na baadhi ya mikanda ya usalama hufungwa jirani nacho.

Halafu kuna paipu za breki. Katika magari mengi ni chuma chembamba chenye rangi ya kinga, zimepita chini ya sakafu zikiwa zimeshikwa kwa vibanio vya plastiki, na ndani ya vibanio hivyo chumvi na matope hukaa bila kusumbuliwa. Paipu inaweza kuonekana safi urefu wake wote, isipokuwa hiyo sentimita moja iliyofichwa. Dereva anayetoka Keringet kwenda Nakuru hufika Molo, kisha huchagua ama kupita Elburgon na Njoro, ama kuushuka mteremko wa Sachangwan hadi Salgaa. Anayeshuka Sachangwan amebeba magunia ya viazi anakanyaga breki kwa nguvu na kwa muda mrefu, na presha hiyo ndiyo hupasua paipu iliyodhoofika. Mifumo ya kisasa imegawanywa mara mbili ili upande mmoja ukipasuka mwingine uendelee kufanya kazi, lakini nusu ya breki kwenye mteremko ule ni kidogo mno. Paipu yenye magamba haipakwi rangi. Inabadilishwa.

Tatizo kubwa kwa mnunuzi wa Kenya ni andakoti. Baadhi ya wauzaji, huku na hata kabla gari halijapanda meli, hupuliza rangi nyeusi nzito chini ya gari zima. Ikipakwa juu ya chuma kisafi na kikavu ni kinga nzuri. Ikipakwa juu ya kutu inakuwa blanketi: unyevu na chumvi vimefungiwa ndani, hewa haipiti kukausha, na mwenye gari haoni kitu mpaka bati liachie. Gari lililotoka kiwandani huwa na rangi mchanganyiko chini: pengine kijivu sakafuni, fedha kwenye ekzosi, nyeusi kwenye mihimili, stika na alama za chaki hapa na pale. Anayekuta bolti, bomba, mpira wa bushi na stika vyote vimemezwa na weusi mmoja unaonata anapaswa kujiuliza nani alipuliza, lini, na kwa nini. Weusi huo ukiwa na harufu ya upya kwenye gari lenye umri wa miaka saba, bei ijadiliwe upya au mnunuzi aondoke.

Karatasi nazo husema, kwa anayezidai. Gari linalouzwa kwenye mnada wa Japani hukaguliwa na kuandikiwa karatasi yenye mchoro wa bodi. Katika mchoro huo herufi A ni mkwaruzo na U ni mbonyeo. S ni kutu, na C ni kutu iliyokwisha kula chuma. Pembeni mkaguzi huandika kwa Kijapani maelezo ya ziada, na mara nyingi hapo ndipo kutu ya chini hutajwa, wala si kwenye gredi ya jumla ya gari. Gari la gredi 4 linaweza kuwa na sentensi hiyo moja ambayo wakala hakuitafsiri. Karatasi pia hutaja jumba la mnada. USS, kampuni kubwa ya minada, ina majumba Sapporo, Tohoku na Niigata, na mengine Nagoya, Kobe na Fukuoka. Jina la mji si ushahidi kamili, kwa sababu magari huhamishwa na kuuzwa mbali na yalikotumika, lakini ni mahali pa kuanzia maswali.

Ushahidi mwingine uko ndani ya gari lenyewe. Watengenezaji wa Japani hutoa magari yaliyoandaliwa kwa mikoa ya baridi, yenye betri kubwa zaidi na waya za kupasha joto kioo pale waipa zinapolala. Ukikuta swichi ya kuyeyusha barafu kwenye waipa, gari hilo liliandaliwa kwa ajili ya theluji. Mnunuzi wa Keringet hana haja na swichi hiyo maishani, lakini inampa historia ambayo muuzaji huenda haijui.

Wengi hutegemea ukaguzi wa kabla ya kusafirisha. Shirika la viwango la KEBS hutaka kila gari la mtumba likaguliwe huko linakotoka na kampuni iliyopewa kazi hiyo, kwa kiwango cha KS 1515. Ukaguzi huo una thamani yake, na umezuia mabovu mengi. Lakini swali lake ni kama gari linafaa kutembea barabarani siku ile ya ukaguzi. Mnunuzi ana swali tofauti: gari hili litakuwaje baada ya miaka mitano ya matope ya Kuresoi? Majibu ya swali la pili yanapatikana kwenye shimo la gereji, kabla hela hazijatoka mfukoni, na kwa fundi ambaye hajatumwa na muuzaji. AA ya Kenya nayo hukagua magari kwa niaba ya wanunuzi.

Japani haipaswi kubeba lawama yote. Magari yanayotoka Uingereza, hasa Land Rover na Mercedes yanayoingia kwa kuwa usukani uko kulia, yametoka kwenye barabara zinazomwagiwa chumvi kila baridi. Gari lililoishi Mombasa, Kilifi au Malindi hupigwa na upepo wa bahari mwaka mzima, na lililofanya kazi kwenye mashamba ya chumvi ya Gongoni limepata dozi kubwa zaidi. Hata huku Bonde la Ufa kwenyewe maziwa yamepanda kwa miaka mingi sasa. Maji ya magadi ya Ziwa Nakuru na Bogoria yamefunika barabara zilizokuwa kavu, na gari lililopita humo linastahili kuoshwa siku hiyo hiyo.

Na kuna pikapu zinazonunuliwa mpya kabisa. Wenye nazo huamini jina la kampuni linatosha. Waulizwe Wamarekani. Mwaka 2016 Toyota ilikubali kumaliza kesi ya wamiliki wa Tacoma, Tundra na Sequoia waliolalamika kwamba chasisi za magari yao zinaoza mapema. Makubaliano yalihusu takriban magari milioni 1.5 na yalikadiriwa kufikia dola bilioni 3.4, ingawa kampuni haikukiri kosa. Chasisi iliyopatikana na tundu la milimita 10 au zaidi ilikuwa ibadilishwe yote. Chuma kilikuwa kile kile cha magari yanayosifiwa dunia nzima kwa uimara. Kinga yake haikutosha mbele ya chumvi ya barabara za Marekani.

Pikapu ya Keringet haikutani na chumvi ya barabarani, ila hubeba vitu vinavyofanana nayo kwa madhara. Msimu wa kupanda viazi hubeba mbolea. Mfuko wa CAN ukipasuka, punje zake hunyonya unyevu na kuyeyuka ndani ya mikunjo ya bodi ya nyuma, na chumvi za amonia hula chuma kwa kasi. Mkojo wa ng'ombe anayepelekwa sokoni una chumvi na amonia. Maziwa yaliyomwagika huchacha yakawa asidi. Kuosha tu kioo na milango Jumamosi jioni, kama wengi wafanyavyo, hakugusi hata kimojawapo cha hivyo. Dhamana ya kiwanda nayo isomwe kwa makini. Kwa kawaida dhamana ya kutu hulipia bati lililotoboka kutoka ndani kwenda nje na haigusi kutu ya juu wala iliyoletwa na mzigo.

Aliyekwisha kununua na kukuta wekundu hana sababu ya kukata tamaa, maana kutu ikiwahiwa husimama. Dawa ya kwanza ni maji safi mengi. Gari lililotoka mikoa ya chumvi lioshwe chini kwa mashine ya presha mara tu linapofika, tena na tena, maji yaelekezwe ndani ya madigadi, juu ya tanki na kwenye matundu ya chasisi hadi yatoke hayana uchafu. Baada ya hapo huduma ya kawaida ni kuondoa matope kabla hayajawa tofali. Matope yaliyoganda hukaa na unyevu siku nyingi baada ya mvua kukatika, na kwa hilo ni mabaya kuliko mvua yenyewe. Matundu madogo ya kutolea maji chini ya vizingiti na milango yazibuliwe kwa kijiti; yakizibwa na udongo, kizingiti kinageuka birika.

Yapo mazoea ya kuachwa. Katika sehemu nyingi za kuoshea magari, mteja hupewa huduma ya kupuliziwa oili chafu au dizeli chini ya gari. Chini hung'aa weusi na mteja huondoka ameridhika. Oili iliyotoka kwenye injini ina maji na asidi zilizotokana na kuungua kwa mafuta. Hulainisha na kuvimbisha bushi za mpira, hunasa vumbi, inaweza kurukia breki, na mvua mbili tatu zikinyesha imekwisha. Inakoishia ni jambo zito zaidi. Mau ni chanzo cha mito Mara, Sondu, Njoro na Molo, na oili inayooshwa chini ya gari hapa hunywewa na watu na mifugo kule chini.

Kazi ya kweli ni ya mikono na haina haraka. Kutu iliyolegea hukwanguliwa kwa brashi ya waya na msasa mpaka chuma kigumu kionekane. Kwenye vitundu vidogo ambavyo brashi haifiki hupakwa dawa ya kugeuza kutu, yenye asidi ya fosfori au tanini. Wakulima wa chai tayari wanaijua tanini bila kuitafuta dukani: kisu cha kupogolea kikilowa utomvu wa majani chai hubaki na weusi usiotoka kwa urahisi. Weusi huo ni tanini iliyoungana na chuma. Dawa ya dukani hufanya hivyo hivyo, na sehemu ya tanini inayouzwa duniani hutoka kwenye gome la muwati, mti ambao mashamba makubwa ya Eldoret yaliupanda kwa miongo mingi kwa ajili hiyo. Utando mweusi ukishakauka, hupakwa praima ya epoksi au yenye zinki, kisha rangi ngumu ya juu. Zinki ina faida ya pekee: ikichubuka pamoja na chuma, ndiyo huliwa kwanza. Redoksaidi inayouzwa kila hadwea ni bora kuliko kuacha chuma wazi, ila kwenye chini ya gari linalopigwa na kokoto za murram haidumu peke yake.

Ndani ya mihimili na vizingiti, ambako brashi haiingii, hupulizwa nta maalumu au mafuta ya lanolini kwa mrija mrefu. Lanolini ni mafuta yanayokamuliwa kwenye sufu ya kondoo. Humfanya mnyama asilowe mvua, na kwenye chuma hubaki laini na kujitandaza upya yakikwaruzwa. Watu wa Molo, ambako kondoo wana sifa nchi nzima, wameishika sufu yenye mafuta hayo maisha yao yote. Yasipulizwe kwenye diski, pedi wala ekzosi.

Bati likishatoboka, dawa za kupaka hazina kazi. Sehemu iliyooza hukatwa hadi kufikia chuma kizima, na kipande kipya cha unene ule ule huchomelewa. Kupachika bati juu ya tundu na kupaka rangi ni kumwandalia balaa mnunuzi ajaye. Chasisi ya pikapu na sehemu zinazoshika mikanda hazifai kuchomelewa na kila mwenye mashine. Ni za fundi anayejua chuma husika, aliyechomoa betri na kusogeza paipu za mafuta kwanza.

Vipi kuhusu muuzaji? Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mlaji haki ya bidhaa zenye ubora unaostahili na ya kupewa habari anazohitaji. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, nayo imeweka sharti la ubora kwa bidhaa inayonunuliwa kwa maelezo kutoka kwa mwenye biashara hiyo. Ila sharti hilo halimsaidii mnunuzi aliyeikagua bidhaa kwa kasoro ambazo ukaguzi wake ulipaswa kuziona. Hapo andakoti inageuka jambo la kisheria: kutu iliyo wazi uliyoipuuza ni yako, iliyofichwa chini ya rangi mbichi ni hoja. Picha za chini ya gari zilizopigwa siku ya kununua, karatasi ya mnada, na mstari mmoja ndani ya mkataba unaosema muuzaji ametangaza hali ya kutu, vina nguvu kuliko kelele za baadaye. Madai yasiyozidi shilingi milioni 1 yanaweza kupelekwa Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya 2016, ambako mtu anaweza kujiwakilisha bila wakili, na gharama ya kurekebisha kutu kwa kawaida haivuki kiwango hicho.

Wakati mzuri wa kufanya kazi hii Keringet ni Januari na Februari, kabla mvua za Machi hazijaanza. Julai na Agosti, wakati baadhi ya sehemu za nchi zina baridi kavu, huku bado kunanyesha na ukungu hukaa hadi saa nne asubuhi, hivyo rangi hupakwa juu ya umande usioonekana. Gari lioshwe leo, lisimame juani kesho na vifuniko vya mpira vya sakafuni vikiwa vimetolewa ili ndani pakauke. Fundi aanze kupaka jua likishapanda na kumaliza praima kabla ya saa tisa. Nta ya ndani ya vizingiti huwekwa siku ya mwisho, na vifuniko vya mpira hurudishwa ikishakoma kudondoka.